Gorelovka: kijiji cha Kaukazi kilichobadilisha wakazi, na habari za Waduhobori waliobaki

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Wengi wanaosikia habari za Waduhobori, wale wakulima wa Kirusi waliokataa kushika silaha wakati wa utawala wa Tsari, yaani mfalme wa Urusi, huzisikia kutoka upande wa Kanada, kwa kuwa huko ndiko walikohamia maelfu yao mwaka 1899 na huko ndiko habari zao zilikoandikwa zaidi. Uzi huu unawahusu waliobaki. Unahusu kijiji cha Gorelovka, kusini mwa nchi ya Georgia, karibu na mpaka wa Armenia, pamoja na swali ambalo naona halijatendewa haki: ilikuwaje kijiji kilichostahimili viboko vya Makosaki, askari wa farasi wa Tsari, mapinduzi ya Urusi, mashamba ya ushirika ya Stalin na vita viwili vikuu kikaja kupoteza sehemu kubwa ya wenyeji wake katika miaka ishirini ambayo hapakuwa na jeshi lililotumwa kuwafukuza?

Nianze na mahali penyewe, maana bila kupajua mtu hawezi kuelewa nani alikuja na nani alishindwa kukaa. Gorelovka iko katika uwanda wa Javakheti, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya mawe ya volkano, maziwa na majani, isiyo na miti ya kutosha kujengea wala kuwashia moto. Majira ya baridi huko ni marefu kiasi kwamba Wageorgia wenyewe hupaita Siberia yao. Mahindi na mizabibu, ambayo ndiyo fahari ya mabonde ya Georgia, huku juu havistawi, kwa hiyo watu huishi kwa viazi, shayiri, nyasi za kukata na zaidi ya yote ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe huyo ndiye pia anayewapa moto. Samadi ya zizini hukanyagwa ikachanganyika na majani makavu, ikakatwa vipande vya mraba kama matofali, ikapangwa mirundo mirefu kando ya nyumba ili ikauke kiangazi chote. Nyumba za zamani za Waduhobori zina kuta nene zilizopakwa chokaa nyeupe, fremu za madirisha zenye rangi ya buluu, na paa la udongo ambalo huota majani mabichi wakati wa kiangazi, na juu ya nguzo za kijiji korongo weupe hujenga viota vyao kila mwaka.

Waduhobori hawakupachagua mahali hapa. Mwaka 1802 Tsari Aleksanda wa Kwanza aliwaruhusu kukaa pamoja katika eneo la mto Molochna, kusini mwa Ukraine ya leo, wakaishi huko kwa karibu miaka arobaini na kulima ardhi nzuri. Imani yao iliwakera wakuu wa kanisa na wa serikali kwa pamoja: waliamini kwamba Mungu anakaa ndani ya kila mwanadamu, hivyo hawakuhitaji padri, sanamu takatifu, jengo la kanisa wala maandiko yaliyochapishwa, na mafundisho yao yote yalikuwa katika zaburi walizozihifadhi kwa kichwa na kurithishana kwa mdomo. Nikolai wa Kwanza alipotawala aliwapa mambo mawili wachague, kurudi katika Kanisa la Kiorthodoksi au kwenda Kaukazi, eneo la milima ambamo Georgia imo. Kati ya mwaka 1841 na 1845 watu wapatao 5,000 waliswagwa hadi kwenye uwanda wa Javakheti, ambako walianzisha vijiji ambavyo majina yao bado yako kwenye ramani: Gorelovka, Orlovka, Spasovka, Efremovka, Tambovka, Rodionovka, na Bogdanovka ambayo leo ni mji mdogo uitwao Ninotsminda.

Serikali ilitarajia baridi na majirani wageni viwamalize au viwarudishe kanisani. Haikuwa hivyo. Ndani ya kizazi kimoja walikuwa wafugaji wenye uwezo, na Gorelovka ikawa makao makuu yao kwa sababu ndiko ilikokuwa Nyumba ya Yatima. Jina hilo linaweza kumpoteza msomaji. Ilikuwa kweli ni mahali pa kulelea yatima na wazee wasio na mtu, lakini ilikuwa pia hazina ya jamii nzima, ukumbi wa ibada na makazi ya kiongozi wao. Kuanzia mwaka 1864 kiongozi huyo alikuwa mwanamke, Lukeria Kalmykova, aliyeshika nafasi ya mumewe aliyefariki na kuongoza kwa zaidi ya miaka ishirini. Wakati wa vita vya Urusi na Uturuki vya mwaka 1877 na 1878 Waduhobori walisafirisha mizigo ya jeshi kwa mikokoteni yao na kulipwa vizuri, na baada ya vita baadhi yao wakapata ardhi katika jimbo la Kars, lililotwaliwa kutoka kwa Uturuki. Mimi husimama kidogo kwenye tukio hili, kwa sababu linaonyesha kwamba jamii yenye msimamo mkali juu ya kuua ilikwisha kujifunza kuishi na dola kwa makubaliano. Mgogoro uliofuata ulihusu yale makubaliano yenyewe.

Lukeria alifariki mwishoni mwa mwaka 1886 bila mtoto. Kijana aliyemwandaa, Peter Verigin, alikubaliwa na wengi, lakini ndugu wa marehemu na wazee wa Gorelovka walidai kwamba mali ya Nyumba ya Yatima ilikuwa kwa jina lake Lukeria na kwa hiyo ni ya urithi wa kawaida. Maofisa wa serikali wakawaunga mkono ndugu, na Verigin akakamatwa mwaka 1887 na kupelekwa uhamishoni kaskazini mwa Urusi. Jamii ikagawanyika: Kundi Kubwa lilimfuata Verigin, Kundi Dogo likabaki na Nyumba ya Yatima. Mwaka huohuo wa 1887 kuandikishwa jeshini kwa lazima kukafikishwa Kaukazi, na Verigin, akiwa mbali uhamishoni, akawaagiza wafuasi wake wasile kiapo kwa Tsari na wasishike silaha tena.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Juni 1895, kwa kalenda ya zamani ya Urusi, Kundi Kubwa lilikusanya bunduki, panga na majambia yake katika sehemu tatu za Kaukazi na kuyateketeza kwa moto huku watu wakiimba zaburi. Mojawapo ya mioto hiyo ilikuwa karibu na Orlovka, si mbali na Gorelovka. Makosaki walifika, wakawachapa wanaume kwa wanawake kwa mijeledi, kisha zaidi ya watu 4,000 wakatolewa katika vijiji vya Javakheti na kutawanywa katika vijiji vya Wageorgia vya mabondeni bila ardhi, ambako wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Mwandishi wa Kirusi Leo Tolstoy na marafiki zake walichangisha fedha, meli ya kwanza ikang'oa nanga katika bandari ya Batumi mwezi Desemba 1898, na kwa jumla watu wapatao 7,500 walivuka kwenda Kanada.

Vitabu vingi huifuata meli hiyo mpaka Halifax, Kanada, na Gorelovka haitajwi tena. Lakini baada ya meli kuondoka kilibaki kijiji kizima cha watu ambao hawakuchoma silaha, walioshika Nyumba ya Yatima, makaburi ya viongozi wao na desturi zile zile za ibada. Hao ndio mababu wa Waduhobori wa Georgia wa karne ya ishirini. Ndugu zao wa Kanada waliwaona kwa muda mrefu kama waliosaliti. Mimi naona hukumu hiyo ni nzito mno kwa wakulima ambao wengi wao walitaka tu kubaki na mashamba yao. Na jambo la kushangaza ni kwamba mahali pale zilipochomwa silaha, penye mapango madogo, pamekuwa mahali patakatifu hata kwao. Huenda huko kila mwaka kusali na kula pamoja.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana mkuu kwa maelezo. Nina swali moja. Nimewahi kusoma kwamba Gorelovka leo ina Waarmenia wengi kuliko Warusi, na kwamba kulikuwa na ugomvi wa ardhi. Je, ni sahihi kusema kwamba Waarmenia ndio waliowaondoa Waduhobori?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la msingi na nitalijibu kwa urefu, kwa sababu jibu la haraka linaweza kuwadhulumu watu wa pande zote mbili.

Waarmenia wa Javakheti nao hawakuanguka kutoka mbinguni. Baada ya vita vya mwaka 1828 na 1829 kati ya Urusi na dola ya Uthmani, maelfu ya familia za Kiarmenia ziliondoka Erzurum, mashariki mwa Uturuki ya leo, na maeneo ya jirani pamoja na jeshi la Urusi lililokuwa likirudi, zikawekwa Akhalkalaki, ndani ya Javakheti, na Akhaltsikhe jirani yake, mahali ambapo sehemu ya wakazi Waislamu walikuwa wamekimbilia upande wa Uthmani. Yaani Waarmenia walitangulia kufika Javakheti kwa miaka kumi hivi tu kabla ya Waduhobori, nao pia wakiwa watu waliong'olewa. Mwezi Novemba 1944 Stalin akawakusanya Waislamu waliosalia katika eneo zima la Meskheti na Javakheti, watu wanaokaribia 100,000, akawapakia kwenye mabehewa ya mizigo mpaka Asia ya Kati, na wazao wao wengi hawajarudi mpaka leo. Ukiiweka Gorelovka ndani ya mlolongo huo, utaona kwamba kudai uenyeji wa tangu na tangu katika uwanda ule ni jambo gumu kwa karibu kila anayeishi hapo.

Sasa nije kwenye kuondoka kwenyewe. Chini ya utawala wa Kisovieti Gorelovka ilikuwa kijiji cha Waduhobori karibu peke yao. Shamba la ushirika lilisimama vizuri, jibini na siagi vilikuwa na soko, na mtu wa nje hakupata nyumba kwa urahisi kwa sababu hapakuwa na aliyeuza. Katika sensa ya mwaka 1989 wilaya nzima ya Bogdanovka ilikuwa na Warusi wapatao 3,100, na wengi wao walikuwa Waduhobori. Katika sensa ya mwaka 2002 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Leo wanaobaki Gorelovka ni jamii ndogo, wengi wao wazee.

Wimbi la kwanza lilianza kati ya mwaka 1989 na 1991. Katika Tbilisi, mji mkuu, kulikuwa na vuguvugu la uhuru lililobeba maneno makali dhidi ya watu wasio Wageorgia, na ingawa hakuna aliyekwenda kuwapiga Waduhobori, maneno hayo yalifika. Familia nyingi zilihamia Urusi, hasa katika mkoa wa Tula. Wakati huohuo, mwezi Aprili 1989, maporomoko makubwa ya ardhi yaliangamiza makazi katika milima ya Adjara, magharibi mwa Georgia, na nyumba zilizoachwa na Waduhobori zikanunuliwa kwa ajili ya familia zilizopoteza makao yao. Kwa hiyo wa kwanza kuingia kwa wingi katika baadhi ya nyumba hizo walikuwa Wageorgia Waislamu kutoka Adjara, watu waliozoea milima yenye misitu na mahindi. Wengi wao walishindwa na baridi ya uwanda wakarudi walikotoka. Waliobaki wameendelea hadi sasa, hasa katika kijiji cha Spasovka.

Waarmenia waliingia polepole na kwa njia ya kawaida kabisa, yaani kwa kununua nyumba kutoka kwa jirani anayeondoka. Ugomvi wa ardhi ulikuwepo na sitaki kuuficha. Baada ya ushirika wa Kisovieti kuvunjika, Waduhobori wa Gorelovka walichagua kuendelea kulima pamoja na wakakodi ardhi ya serikali kwa jina la ushirika wao, huku majirani wao wapya, waliofika wakati mashamba yamekwisha kugawanywa, wakibaki na nyumba zisizo na malisho ya kutosha. Jamii inayopungua ilishika ardhi kubwa, jamii inayoongezeka haikuwa na ardhi, na wote waliishi kwa ng'ombe. Mifugo ikaingia kwenye nyasi za mwenzake, wizi wa mifugo ukazidi, na polisi wa miaka ya 1990 hawakuwa na msaada. Sheria ya mwaka 2005 ya kuuza ardhi ya kilimo ya serikali iliongeza hofu, kwa kuwa kila mmoja alijiuliza nani atakuwa na fedha za kununua. Kwa hiyo, kusema kwamba Waarmenia waliwaondoa si sahihi. Ushindani wa malisho uliwapa watu waliokwisha kufikiria kuondoka sababu moja zaidi.

Mchangiaji wa pili

Mwanzisha uzi, nakupongeza, lakini naona umeipunguzia serikali ya Georgia lawama. Mtu asiyejua Kigeorgia angepataje hati, mkopo au kazi? Huko kulikuwa ni kuwafukuza watu bila kutumia nguvu.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ina uzito, mkuu, na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Javakheti ilikuwa imeshikamana na Urusi kuliko na Tbilisi kwa karibu kila kitu. Lugha ya mawasiliano kati ya Mduhobori na Mwarmenia ilikuwa Kirusi. Kambi ya jeshi la Urusi iliyokuwa Akhalkalaki ilitoa ajira na ilinunua chakula mpaka ilipofungwa mwaka 2007. Na barabara ya kwenda Tbilisi kupitia Tsalka ilikuwa mbovu kiasi cha kumkatisha mtu tamaa, hadi ilipojengwa upya kwa fedha za Marekani katika miaka iliyofuata. Dola changa iliyotaka Kigeorgia katika kila ofisi, bila kuwa imewapeleka walimu wa kutosha wa lugha hiyo, iliwaacha wazazi na hesabu rahisi: mtoto anayesoma shule ya Kirusi Gorelovka ataendelea na masomo wapi? Jibu lilikuwa Urusi, na mtoto akishakwenda, wazazi humfuata.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye neno kufukuza. Urusi nayo iliwavuta, na iliwavuta kwa makusudi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi kubwa liliondoka Gorelovka kwa pamoja, likiongozwa na mwanamke aliyekuwa mkuu wa ushirika, likapelekwa katika mkoa wa Bryansk, ambako kulikuwa na nyumba zilizoandaliwa. Kisha mwaka 2007 Moscow ilianzisha mpango rasmi wa kuwarudisha watu wa asili ya Kirusi waishio nje, na kundi jingine likapelekwa mkoa wa Tambov. Kuondoka kwa namna hiyo hukiumiza kijiji zaidi kuliko mtu mmojammoja kuondoka, kwa sababu kwa mkupuo mmoja huondoka mhasibu wa ushirika, dereva wa trekta, mwalimu, waimbaji wanaojua zaburi ndefu na vijana waliokuwa waoane wao kwa wao. Anayebaki hubaki na nyumba yake na ng'ombe wake, lakini mambo yanayohitaji watu wengi kwa pamoja, kuanzia ibada hadi kukata nyasi za majira ya baridi, humshinda.

Ibada yenyewe inaeleza ninachosema. Jumapili alfajiri Waduhobori hukusanyika, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, wanawake wakiwa wamevaa aproni zilizotariziwa na vilemba vyenye utepe. Kati yao kuna meza yenye mkate, chumvi na maji. Kila mtu kwa zamu hukariri zaburi yake, kisha husogea kwa mwenzake na kumwinamia, kwa kuwa anayemwinamia ni Mungu aliye ndani ya mtu huyo. Wanapokuwa wengi, mzunguko huo huchukua muda mrefu na zaburi nyingi husikika kwa asubuhi moja. Wanapokuwa watu wachache, zaburi zinazosikika nazo ni chache, na zile ambazo hapana aliyebaki wa kuzisema hazina mahali pengine palipotegemewa kuzitunza, kwa sababu kutunza ndani ya watu ndiko kulikokuwa msingi wa imani yenyewe. Zaburi nyingi zilikusanywa na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, lakini namna ya kuziimba, kwa sauti ndefu zinazovutwa mpaka neno lenyewe halitambuliki kwa mgeni, haikai kwenye karatasi.

Mchangiaji wa tatu

Na huko Urusi walikokwenda walipokelewaje? Kama walifanikiwa, labda hatupaswi kusikitika sana kwa kijiji.

Mwanzisha uzi

Ndugu, hali zilitofautiana. Waduhobori walikuwa wamekwisha kurudi Urusi mara moja kabla ya hapo: baada ya mkataba wa mwaka 1921 kuiacha Kars upande wa Uturuki, wale wa Kars walihamia kwenye nyika za mkoa wa Rostov, wakajenga vijiji vyao na kuviendesha vyema kwa miongo kadhaa. Waliokwenda Tula miaka ya 1989 na kuendelea nao walipata mahali pa kukaa kama jamii. Wale wa mipango ya baadaye walikuta mambo magumu zaidi, kwa kuwa walipelekwa katika maeneo ya vijijini ambayo Warusi wenyewe walikuwa wakiyahama, penye ajira chache na ardhi ambayo haikugawiwa kama walivyotarajia. Wapo waliorudi Georgia. Mtu aliyezoea kuwa na ng'ombe wake na nyasi zake, ukimpa nyumba ya serikali na kazi ya mshahara mdogo katika shamba la mtu mwingine, hujiona ameshuka, hata kama pensheni inalipwa kwa wakati.

Kuhusu kusikitika, mimi nasikitika, na sioni haya kusema hivyo, lakini sisikitiki dhidi ya Waarmenia wanaoishi Gorelovka leo. Wao ndio wanaoendeleza maisha ya kijiji: wanakamua, wanatengeneza jibini, wanapeleka watoto shuleni. Na wao pia wanaondoka. Wilaya ya Ninotsminda ilikuwa na watu 34,305 katika sensa ya mwaka 2002, Waarmenia wakiwa zaidi ya asilimia 95. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta watu 24,491. Punguzo hilo la karibu watu 10,000 kwa miaka kumi na miwili haliwezi kuelezwa kwa Waduhobori, ambao wote kwa jumla hawakufikia idadi hiyo. Wanaume wa Kiarmenia wa Javakheti wamezoea tangu enzi za Kisovieti kwenda Urusi kila masika kufanya kazi za ujenzi na kurudi majira ya baridi yanapoanza, na baadhi yao sasa hawarudi, huchukua uraia na kuhamisha familia.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba Gorelovka isisomwe kama kijiji cha kabila moja lililoshindwa na jingine. Barabara ya kwenda Armenia inapita hapohapo, malori yanapita, na kila nyumba, iwe ya nani, inafanya hesabu ileile: bei ya maziwa, urefu wa baridi, lugha ya ofisini na nauli ya kwenda Moscow. Waduhobori walianza kuifanya hesabu hiyo mapema kwa sababu walikuwa wachache na walikuwa na mahali palipowaita. Nyumba ya Yatima bado imesimama, mbao zake zilizochongwa na baraza yake ya juu zikihitaji fundi na fedha. Waliobaki wa jamii hiyo wangali wanaitumia kwa ibada, na kwa maoni yangu jambo la kwanza ambalo serikali ya Tbilisi inadaiwa kulifanya, kabla ya mabango ya utalii, ni kuwahakikishia kwa maandishi kwamba nyumba hiyo na makaburi ya viongozi wao vitabaki mikononi mwao.

Mwenye taarifa zaidi kuhusu Orlovka au Efremovka naomba aendelee hapa, kwa kuwa kule nyumba za Waduhobori zilibadilisha wamiliki mapema zaidi kuliko Gorelovka.